Mshale Unasema Baridi, Skana Inasema Moto: Uamini Kipi Kwenye Gari la Zamani?

Ukiendesha gari la miaka ya 1990 au la mwanzoni mwa miaka ya 2000 hapa Nakuru, Kisumu, Kakamega au kokote katikati, iko siku utapata majibu mawili kwa swali moja. Mshale wa joto umelala karibu na C ya baridi, skana (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari) iliyounganishwa na simu inasema nyuzi 99. Au mshale umekaribia H ya moto, nawe ukigusa mpira wa juu wa rejeta mkono unavumilia bila shida. Ukifika gereji jibu la haraka ni lile lile: "Boss, hii ni sensa, tubadilishe." Wakati mwingine fundi yuko sahihi. Lakini mara nyingi sensa mpya inafungwa, ubishi unaendelea vile vile, na mwenye gari anaamua kuuzoea. Kuuzoea ndiko kunakoua hedi, kile kichwa cha injini.

Hapa nalinganisha njia tano za kuamua ubishi huo: skana, multimita (kifaa cha kupimia umeme) pamoja na sufuria ya maji moto, kipimajoto cha bunduki, kipimajoto cha kutumbukiza kwenye rejeta, na geji ya pili ya kimakanika. Msimamo wangu nautoa mapema. Kama gari lako lina sensa ya waya mmoja inayolisha mshale, nunua multimita kabla ya kitu kingine chochote. Kama ni la baadaye kidogo, ambalo mshale wake unaendeshwa na kompyuta, anza na skana. Bunduki inatosha kuazimwa. Geji ya pili ni ya mtu anayepanda milima kila siku na mzigo.

Wanaobishana ni akina nani

Fungua boneti ya Toyota Corolla 110 na uangalie karibu na maji yanapotokea kwenye hedi. Utaona kidude chenye plagi ya waya mmoja na kingine chenye plagi ya nyaya mbili. Cha waya mmoja kinalisha mshale wa dashibodi peke yake. Cha nyaya mbili kinaiambia kompyuta ya injini joto la maji, ili ijue imwage petroli kiasi gani. Halafu kuna cha tatu, swichi ya feni, mara nyingi karibu na nyumba ya themostati, ile vali inayoruhusu maji kupita kwenye rejeta injini ikipata moto. Vidude vitatu, sehemu tatu, na hakuna kinachojua mwenzake anasema nini.

Kwa hiyo skana na mshale vikitofautiana kwenye gari la namna hii, vinasoma sensa mbili tofauti, na fundi akisema "ni sensa" muulize ipi. Watu wamenunua ile ya nyaya mbili huku mshale unaowasumbua unalishwa na ile nyingine.

Magari ya baadaye yana sensa moja tu. Inapeleka habari kwa kompyuta, na kompyuta ndiyo inayosogeza mshale. Hapo ubishi kati ya skana na mshale hauwezi kutoka kwenye sensa, kwa sababu wote wawili wanakula chungu kimoja. Tafuta kwenye dashibodi yenyewe, au ukubali kwamba mshale umetengenezwa uwe mpole. Hili la upole wengi hawalijui. Kwenye magari mengi mshale hukaa katikati bila kutikisika tangu karibu nyuzi 75 hadi kupita 100, ili dereva asihangaike na kila kamlima. Skana ikisema 84 ukiwa mjini na 98 ukiwa mlimani, na mshale haukusogea hata kidogo, hakuna kilichoharibika. Vitz nyingi za kwanza hazina mshale kabisa, zina taa ya bluu ya baridi na nyekundu ya hatari, na kati ya hizo mbili hujui kitu.

Kutu hudanganya kuelekea baridi

Kama utakumbuka jambo moja tu katika haya yote, lishike hili, maana linaokoa injini. Sensa hizi zote, ya waya mmoja na ya nyaya mbili, hufanya kazi kwa ukinzani (jinsi inavyozuia umeme kupita, hupimwa kwa omu) unaoshuka joto linapopanda. Ile ya nyaya mbili ya Toyota huwa na omu 2,000 hadi 3,000 maji yakiwa nyuzi 20, na omu 200 hadi 400 yakifika 80. Ile ya mshale ina namba zake, mamia ya omu ikiwa na ubaridi na makumi ikiwa moto, lakini mwelekeo ni ule ule.

Sasa fikiria plagi iliyoota kutu ya kijani, waya uliobaki na nyuzi mbili tatu, au sensa iliyozungushiwa tepu nyeupe ya mabomba mpaka haigusi vizuri chuma cha injini. Vyote hivyo vinaongeza ukinzani. Ukinzani ukiongezeka, mshale na kompyuta vinaamini maji ni baridi kuliko yalivyo. Ndiyo maana gari kuukuu lenye nyaya zilizochoka hudanganya kuelekea baridi mara nyingi kuliko kuelekea moto. Ili lidanganye kuelekea moto, kwa kawaida lazima waya uwe umechubuka na kugusa bodi, au dashibodi yenyewe iwe na tatizo la umeme.

Basi kanuni ya kwanza kabla hujatoa hata shilingi: namba mbili zikipingana, iendeshe injini kana kwamba ile ya juu ndiyo ya kweli. Na unapoanza kutafuta mwongo, mtilie shaka kwanza anayesema baridi.

Maji yanachemka mapema huku kwetu

Kuna ubishi wa aina nyingine ambao skana na mshale wote wanasema kweli, na bado maji yanatoka kwa mvuke. Huu ni wetu hasa, watu wa nyanda za juu.

Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100. Kisumu, kwenye mita zipatazo 1,130, huchemka karibu na 96. Nakuru, mita kama 1,850, ni karibu na 94. Ukipanda kupitia Salgaa na Mau Summit hadi Timboroa, ambako ni zaidi ya mita 2,700, yanachemka karibu na 91. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya rejeta ni kifuniko, kwa sababu kinashikilia presha. Kifuniko cha presha ya baa 0.9 kikiwa kizima, maji matupu ya Nakuru hayachemki mpaka karibu nyuzi 115. Kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, ikiwemo kwa kipimo, yanavumilia zaidi ya hapo.

Kifuniko kikifa, kinga hiyo yote inaondoka. Skana inasema 95, kompyuta haioni shida, mshale uko katikati kama kawaida, na pale Timboroa maji yanafurika kwenye chupa ya akiba. Dereva anasema geji imeharibika. Geji ni nzima. Raba ya kifuniko ndiyo imekauka au springi imelegea. Kifuniko ni spea ya bei ndogo kuliko karibu zote zinazohusika hapa, na ningekibadilisha kabla sijagusa sensa yoyote, bora uangalie namba iliyoandikwa juu yake ilingane na ya zamani. Kufunga cha presha kubwa ukidhani unaongeza usalama kunapasua rejeta iliyozeeka.

Urefu huu kutoka usawa wa bahari unaingia tena kwenye kipimo cha sufuria, kama utakavyoona.

Skana

Uzuri wa skana ni namba. Mshale unakuambia "sawa" au "si sawa", skana inakuambia 87. Ile ndogo ya Bluetooth ya aina ya ELM327 ikichomekwa chini ya usukani na simu ikiwashwa, unaona maji yakipanda nyuzi kwa nyuzi, unaona themostati ikifunguka (namba inashuka kidogo halafu inapanda tena), unaona feni ikishika na kuachia.

Jaribio bora kabisa la skana halihitaji kuwasha injini. Alfajiri, gari likiwa limelala usiku kucha, washa funguo tu, kisha soma joto la maji na joto la hewa inayoingia injini. Vyote viwili vinapaswa kulingana, tofauti ya nyuzi chache tu. Nakuru asubuhi ya baridi unaweza kukuta 12 na 13. Ukikuta hewa 12 na maji 34, sensa ya maji au waya wake una kasoro, na hujafungua hata skrubu moja. Ukikuta maji ni 40 chini ya sifuri, waya umekatika au plagi imechomoka: ndivyo kompyuta inavyosoma mahali pasipo na sensa. Msimbo wa hitilafu hiyo kwenye skana ni P0118. Ukiona P0117 ni kinyume chake, waya umegusa mahali usipotakiwa. P0128 hulaumu themostati zaidi kuliko sensa.

Namba isiyotikisika nayo iogope. Kompyuta nyingi zikipoteza sensa hujiwekea joto la kubuni ili injini iendelee kuwaka, na Toyota hutumia 80. Skana inayoonyesha 80 tangu asubuhi hadi ufike Gilgil haisomi maji.

Udhaifu wa skana kwa magari yetu ni mkubwa kuliko wauzaji wanavyosema. Marekani ililazimisha mfumo wa OBD-II, ule ambao skana hizi husoma, kwa magari ya kuanzia 1996, na Ulaya kwa ya petroli kuanzia 2001. Lakini mengi tunayoendesha yalitengenezwa kwa soko la Japani, ambalo halikufuata ratiba hiyo. Unaweza kuwa na plagi ile ile ya pini 16, skana ikaingia vizuri, taa yake ikawaka, na isipate neno lolote kutoka kwa kompyuta. Kabla hujanunua, omba mtu mwenye nayo aijaribu kwenye gari lako.

Kwa Toyota za zamani kuna skana ya bure. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo cheusi chenye maandishi ya DIAGNOSIS. Ndani ya kifuniko chake kuna ramani ya matundu. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa funguo bila kuwasha injini, uhesabu taa ya injini inavyopepesa. Mbili, kimya kidogo, mbili tena: huo ni msimbo 22, saketi ya sensa ya maji. Soma ramani polepole, kwa sababu tundu la +B lina umeme wa betri na ukiligusisha na E1 utaunguza kitu.

Na kikomo kikuu: kwenye gari la sensa mbili, skana haina habari yoyote kuhusu mshale. Inaweza kukuhakikishia kwamba kompyuta iko sawa, basi.

Multimita na sufuria

Hii ndiyo ninayoitetea, na sababu ni kwamba inafika mahali ambapo wengine hawafiki: inapima sensa ya mshale, ya kompyuta, waya, na hasi ya bodi (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari), kwa kifaa kimoja ambacho hata cha bei ya chini kinatosha kazi hii.

Anza bila kutoa sensa. Chomoa waya wa ile ya waya mmoja, funguo ikiwa imewashwa. Mshale unapaswa kushuka hadi C. Kisha gusisha waya huo na chuma cha injini kwa muda mfupi kupitia balbu ndogo ya dashibodi, ile ya wati 3.4, ili usiikaange geji. Mshale upande kuelekea H. Ukipanda na kushuka vizuri, dashibodi na waya ni vizima, kosa liko kwenye sensa au kwenye maji yenyewe. Usipotii, achana na sensa, tatizo liko juu zaidi. Hapo umeokoa bei ya sensa.

Halafu pima hasi. Weka multimita kwenye volti, ncha moja kwenye chuma cha injini, nyingine kwenye bodi, injini ikiwaka na taa kubwa zikiwa zimewashwa. Kipimo kisizidi 0.1 au 0.2. Nimeliona hili kwa macho mtaani Section 58 hapa Nakuru, kwenye Corolla 110 ya jirani aliyekuwa amekwisha badilisha sensa. Fundi kijana aliinama kwenye dirisha akamwambia, "Mzee, washa taa kubwa." Mshale ukapanda upana wa kidole. "Zima." Ukashuka. Maji hayawezi kupata moto kwa kuwasha taa. Ule mkanda wa shaba kati ya injini na bodi ulikuwa umeliwa na kutu mpaka umebaki kama nywele, na umeme wa taa ulikuwa unatafuta njia nyingine ya kurudi. Aliusugua kwa msasa pande zote mbili, akaongeza waya mnene sambamba nao, mshale ukatulia. Hakuna skana ambayo ingeliona hilo, kwa sababu sensa ya kompyuta ina waya wake wa kurudi na haitegemei bodi.

Kwenye Land Rover za zamani na magari mengine ya Kiingereza ya wakati huo kuna kidude nyuma ya dashibodi kinachopunguza umeme uwe kama volti 10 kwa geji ya joto na ya mafuta. Kikifa kwa kupitisha umeme wote, mishale yote miwili inasoma juu kwa pamoja. Tangi lako likionekana limejaa ghafla siku ile ile injini "inapochemka", umepata jibu.

Sasa sufuria. Injini ikiwa imepoa kabisa, toa sensa, ukinge maji yanayomwagika. Ining'inize kwa waya ili ncha tu iingie kwenye maji, plagi ibaki juu na ncha isiguse chini ya sufuria, kwa sababu chini kuna joto kuliko maji. Weka kipimajoto cha jikoni kando yake. Washa jiko polepole, uandike omu kila nyuzi kumi. Sensa nzima inashuka kwa mtiririko bila kuruka. Mbovu huruka, hukwama, au ina namba mbili kwa joto moja, ya kupanda na ya kushuka.

Na hapa ndipo mahali pa Nakuru panapoingia. Maji yakitokota usiandike 100. Andika 94, au 96 kama uko Kisumu. Mtu wa Nakuru akidhani ana 100 atakuta sensa nzima ina omu nyingi kuliko jedwali la kitabu, aitupe bure. Pia tumia mtokoto huo huo kukagua kipimajoto chako: kikisoma 100 Nakuru, kinadanganya kwa nyuzi sita.

Ubaya wa njia hii ni muda. Inachukua asubuhi nzima ukiwa mgeni, na sensa ya zamani iliyoshikwa na kutu inaweza kuvunjika unapoitoa. Kwa hiyo vipimo vya waya na hasi vitangulie kila mara, sufuria ije mwisho.

Kipimajoto cha bunduki

Kwanza onyo: zile tulizoelekezewa kwenye paji la uso wakati wa korona hazifai. Zinaishia nyuzi arobaini na kitu. Unahitaji ya viwandani, inayofika nyuzi mia kadhaa.

Bunduki inavutia kwa sababu ni shahidi wa tatu asiyetumia waya wowote wa gari. Lakini ina uongo wake, tena mkubwa. Inapima miali inayotoka kwenye uso wa kitu, na chuma kinachong'aa hutoa miali kidogo sana. Ielekeze kwenye nyumba ya themostati ya alumini iliyo nyuzi 90, inaweza kukuambia 50. Mtu anashangilia kwamba injini ni baridi. Bandika kipande cha tepu ya karatasi, ile ya mafundi wa rangi, kiache dakika chache kipate moto, upime juu yake: namba itapanda mpaka ukweli. Ukipima kwenye mpira mweusi wa rejeta unapata joto la nje ya mpira, ambalo liko chini ya la maji kwa nyuzi kadhaa au zaidi. Na nukta nyekundu si eneo linalopimwa. Bunduki ya kawaida ya 12 kwa 1 ukiwa sentimita 60 mbali inapima duara la sentimita 5, ikichanganya chuma, hewa ya feni na chochote kilicho karibu. Sogea.

Pale inapozishinda njia nyingine zote ni kulinganisha sehemu na sehemu. Mpira wa juu moto na wa chini baridi kabisa baada ya injini kukaa kwenye moto wa kazi: themostati imekwama, au hewa imejifungia, au maji hayazunguki. Upande mmoja wa rejeta moto na mwingine baridi: mirija imeziba. Hakuna sensa itakayokuambia hayo. Lakini kwa kuamua kati ya 92 na 97, usiitegemee.

Kipimajoto cha kutumbukiza

Rahisi na mkweli, na hutumika kwa dakika chache tu. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta, tumbukiza kipimajoto cha jikoni chenye mkia wa chuma, washa injini. Maji ya shingo ya rejeta yatabaki baridi mpaka themostati ifunguke, kisha yatapanda kwa ghafla. Angalia skana na mshale wakati huo. Usitumie cha kioo, kikivunjika humo ni hasara nyingine. Usifungue kifuniko cha injini moto kwa sababu yoyote ile. Na kwa kuwa rejeta iko wazi, hakuna presha: Nakuru maji yatatokota kwenye 94, kwa hiyo zima kabla hujafika huko.

Kwa wale ambao themostati zao zilitolewa na fundi "ili gari lisichemke", kipimo hiki huwaumbua mara moja: maji yanapata joto kidogo kidogo tangu dakika ya kwanza. Gari kama hilo mshale wake unashuka kila likipata upepo kwenye barabara kuu na kupanda likikwama kwenye foleni ya mjini, skana inasema 65 kisha 88, na kila kifaa ni cha kweli. Rudisha themostati. Kompyuta inayodhani injini ni baridi siku nzima inakunywesha petroli siku nzima.

Geji ya pili ya kimakanika

Ile yenye mrija mwembamba na kibofu mwishoni, kama ya trekta za Massey Ferguson 135 ambazo bado zinalima Trans Nzoia na Uasin Gishu. Haitumii umeme hata kidogo. Betri ikifa inasoma, hasi ikiliwa na kutu inasoma. Mrija ukikunjwa au kukatwa imekwisha, haitengenezeki barabarani.

Tofauti yake na njia nyingine ni kwamba inakaa garini. Skana inatolewa, bunduki inarudishwa kwa mwenyewe, lakini hii inakutazama unapopanda kutoka Ahero kuelekea Kericho na gunia za sukari nyuma. Ukipendelea ya umeme inayofungwa kwa kiungio kwenye mpira wa juu, kumbuka mpira hauna hasi. Kiungio lazima kiwe na waya wake wa kwenda kwenye bodi, vinginevyo umeongeza mwongo wa pili.

Uchaguzi wangu

Gari la kabla ya 2000, sensa ya waya mmoja, la kwenda kazini na kanisani: multimita, kifuniko kipya cha rejeta, na alasiri moja ya kusugua hasi. Asilimia kubwa ya ubishi unaishia hapo.

Gari la baadaye, au Vitz isiyo na mshale: skana, baada ya kuhakikisha inaongea na gari lako. Iache ikionyesha joto la maji kila unapopanda mlima.

Pikapu, matatu au kanta inayofanya Nakuru–Eldoret au Kisumu–Kericho kila siku: geji ya kimakanika, pamoja na multimita kwa fundi wako. Usibaki na mshale wa kiwandani peke yake, kwa sababu ukisogea kutoka katikati umeshachelewa.

Gari ambalo namba zinapingana na pia linapunguza maji bila kuvuja: hakuna kifaa kati ya hivi kitakachokutosha. Peleka likapimwe gesi ya moshi kwenye maji, maana gasketi ya hedi ikipitisha gesi, sensa hukaa kwenye povu na kusoma chochote.

Na kwa gari lolote: ukiwa mlimani, injini imepata moto, halafu mshale uanguke ghafla kuelekea C, usifurahi na usiendelee hata kilomita moja. Sensa hupima maji. Maji yakishuka chini yake inabaki kwenye hewa na mvuke, inasoma baridi, huku hedi inaungua. Skana nayo inaweza kushuka pamoja na mshale, kwa hiyo kukubaliana kwao wakati huo si ushahidi. Egesha, zima, fungua boneti, acha kifuniko cha rejeta mpaka mpira wa juu ushikike na kubonyea kwa mkono, ndipo ufungue na kuongeza maji kidogo kidogo.